Honi Iliyonyamaza kwenye Pikapu ya Baba Sakina

Vijana, kabla hamjachomeka ile mashine yenu kwenye gari na kungoja iwatajie ugonjwa, nisikilizeni kidogo mimi Rajabu, fundi umeme wa magari niliyestaafu, mtu wa Kigoma niliyezeekea hapa Yeoville. Mashine yenyewe siichukii. Mjukuu wangu alinionyesha inavyofanya kazi nikakiri kwamba ni kitu cha akili. Lakini ipo siku mtaletewa pikapu ya zamani, ambayo hapa Johannesburg kila mtu anaiita bakkie, na mtaizunguka na kebo mkononi mkitafuta pa kuchomeka, wala hamtapaona. Gari la namna ile lina nyaya, lina vyuma, na lina watu waliowahi kuligusa kabla yenu. Hao watu ndio wanaosumbua kuliko nyaya.

Mimi nimefanya kazi hii mpaka vidole vikakataa kushika bisibisi ndogo. Nimewahi kuunguza wayaringi ya gari la harusi asubuhi ya harusi. Nimewahi kufunga betri kinyume mbele ya mwenye gari, huku nikimwambia asiwe na wasiwasi. Hayo nayasema kwa kucheka. Hili la honi ya Baba Sakina nalisema nikiwa nimeinamisha kichwa kidogo, kwa hiyo msinikatize.

Kwanza mfahamuni mwalimu wangu. Alikuwa Mzulu mmoja mwenye uwanja wa magari kule Troyeville, na sisi wote tulimwita Madala, maana yake mzee. Nilipofika kwake nilikuwa najiona fundi kamili. Wiki ya pili ililetwa pikapu iliyotoka kupakwa rangi ya kijani, inang'aa, ila honi hailii. Nikabadilisha honi. Kimya. Nikafungua nyingine kutoka gari bovu, nikaifunga. Kimya. Nikalipiga teke tairi, nikaumia mwenyewe. Madala alikuwa anakunywa chai na mkate; akaumaliza wote, akapangusa mikono, ndipo akaja. Akaifungua honi, akachukua kipande cha msasa, akakwangua rangi pale bolti inapokaa, akairudisha. Akabonyeza. Ikalia mpaka mbwa wa jirani akajibu.

"Wena, Rajabu," akaniambia, "umeme ni kama mtu anayekwenda kazini. Umemfungulia mlango wa kutoka, je, wa kurudi nyumbani umemfungulia?"

Hiyo ndiyo arthi, na somo hilo sijalisahau. Honi za zamani nyingi hurudisha umeme kupitia bolti na bodi ya gari. Mkipaka rangi pale, mmefunga mlango. Basi mkiletewa honi isiyolia kwenye gari lililopakwa rangi, anzeni na msasa, msianze na duka la vipuri.

Madala alikuwa na sheria mbili nyingine. Ya kwanza: usivute waya mpya kabla hujajua wa zamani umekufa kwa nini. Alisema waya uliokufa bila sababu inayojulikana haujafa, umelala tu. Ya pili: kila unapounga waya, ukishaviringisha tepu, funga uzi juu yake, mafundo mawili, ili kesho usiikane kazi yako. Yeye alitumia uzi mweupe. Mimi nilipofungua kazi yangu Yeoville nilikuwa jirani na fundi cherehani Mkongo, akawa ananipa uzi mwekundu, na mwekundu ukawa wangu. Sheria ya pili niliishika miaka yote. Ya kwanza niliivunja mara moja tu, na hiyo mara moja ndiyo hadithi yenyewe.

Nilikuwa nimeshastaafu, nimekaa barazani na redio yangu, akaja Mama Sakina. Huyu ni mwanamke wa Buyenzi, Bujumbura, mjane wa Baba Sakina aliyekuwa akibeba mboga kwa pikapu kuwaletea wauzaji wa mtaani kwetu. Mumewe aliugua, gari likalala. Akafariki, gari likaendelea kulala mpaka mama akamaliza eda. Alipotoka eda alikuta shemeji yake ameshaongea na watu wa vyuma chakavu. Wazee wakaketi, wakaamua hivi: pikapu ikipita ukaguzi wa serikali, iandikwe jina la Mama Sakina na kazi ya mboga iwe yake. Isipopita, ikatwe vyuma, mambo yaishe.

Gari lilikuwa limepelekwa ukaguzi mara ya kwanza likarudi na karatasi yenye msalaba mmoja tu.

"Shikamoo, mzee. Ni honi tu," akasema, akinionyesha ile karatasi. "Breki bon, taa bon, tairi bon. Honi tu. Na kesho ndiyo siku ya mwisho ya kurudi. Ikianguka tena, shemeji anakuja na lori la kuikokota."

"Marahaba. Nani alikutengenezea gari?"

"Papa Deo. Ye alifanya breki tu. Umeme hagusi, ndiyo akanituma kwako."

Papa Deo ni makanika wa Uvira anayefanya kazi barabarani, mtaa wa pili kutoka kwangu. Kijana mzuri, lakini mimi wakati ule sikumpenda, na nitawaambia ukweli kwa nini: wateja waliokuwa wangu walikuwa wanamwita yeye "fundi", mimi wananiita "babu".

Nikachukua taa yangu ya kupimia, nikafungua boneti. Sasa fuateni hapa, maana hii ndiyo kazi yenyewe. Fyuzi nilianza nayo: nzima. Nikachukua waya kutoka betri nikaugusisha honi moja kwa moja: ikalia vizuri, kwa hiyo honi ni nzima na arthi yake ni nzima. Nikaenda kwenye rilei, kile kidubwana kinachopokea amri kutoka kwenye usukani na kuipa honi umeme. Nikachukua ule mguu wake unaopokea amri, nikaugusisha bodi: honi ikalia. Basi mpaka hapo upande wote wa mbele ni mzima, ugonjwa uko kati ya rilei na mkono wa dereva. Nikafungua usukani, nikasugua ile pete ya shaba inayozunguka nao, nikanyoosha kile kijiti kinachoigusa, nikapima mpaka chini ya nguzo ya usukani. Kote kuko sawa. Kitu kimebaki kimoja: kipande cha waya kinachotoka chini ya usukani, kinapita chini ya dashibodi ndani ya fungu la nyaya, kinakwenda kwenye rilei. Humo ndani umekatika.

Njia nzima ilikuwa safi, tepu nyeusi imeviringishwa vizuri kama ya kiwandani. Kwenye ukingo wa boneti kulikuwa na kitufe kidogo, kile kinachoinuka boneti ikifunguliwa. Nikakiona, nikadhani ni cha taa ya boneti, nikakipita.

Madala angefungua tepu. Angekaa chini, aufuate waya kwa kidole, sentimita kwa sentimita, hata kama mwenye gari analia. Mimi niliangalia jua, nikaangalia uso wa Mama Sakina, halafu nikafanya jambo la mtu mvivu aliyekasirika: nikatafuta wa kulaumiwa.

"Ni Papa Deo," nikasema kwa sauti, na mtaa wetu hauna siri, wasusi wako pale, mafundi cherehani wako pale. "Amepitisha mikono yake huku chini akitafuta breki, akakata waya wa watu. Mikono ya kubomoa ile. Gari la yatima analitia ulemavu!"

Haikuchukua muda Papa Deo akaja mwenyewe, kitambaa cha grisi begani.

"Vieux, miye sikugusaka iyo waya hata kidogo," akasema taratibu; "vieux" kwao ni mzee. "Nilitengenezaka breki, basi."

"Waya hujikata wenyewe?"

"Sijue. We ndiyo fundi wa umeme."

Watu wakacheka, nikazidi kuwaka. Nikakata waya mpya, nikaunga chini ya usukani, nikaupitisha juu ya kila kitu mpaka kwenye rilei, nikafunga uzi wangu mwekundu. Mama Sakina akabonyeza. Honi ikalia, wasusi wakapiga makofi. Nilifurahi, sitawadanganya. Lakini usingizi ulinipitia mbali usiku ule. Waya wa zamani nilikuwa nimeuacha palepale kwenye mguu wa rilei, na sikujua ulikokuwa unakwenda.

Asubuhi Papa Deo akasema anakuja na sisi. "Nataka nione breki zangu zikipita," akasema. Kwa hiyo tulikaa watatu kwenye kiti kile kirefu cha mbele: Mama Sakina usukani, mimi katikati na magoti kidevuni, Papa Deo mlangoni. Tangu Yeoville mpaka tunateremka Observatory, wanaume wawili hatukusemeshana. Kwenye robot moja, yaani taa za barabarani, iliwaka kijani, teksi ya mbele ikajisahau. Mama Sakina akabonyeza honi kidogo, pip. Akatabasamu peke yake.

Mkaguzi alikuwa mwanamume wa makamo mwenye koti la bluu, mtu wa utaratibu. Akaingia kwenye gari, akabonyeza honi. Ikalia, akaweka alama. Akavuta mikanda. Akashika kiti, akakitikisa kwa nguvu mbele na nyuma, akaingiza mkono chini kupapasa bolti. Sawa. Akashuka, akaenda mbele kusoma namba ya injini, akainua boneti.

Honi ikampigia usoni. Paaaa! Akaruka nyuma, karatasi zikamwagika. Akashusha boneti, kimya. Akaiinua, paaaa! Madereva wa foleni nzima wakatoa vichwa madirishani.

"Eish! Mama," akasema, "hii ni bakkie au ambulensi?"

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Mkaguzi alikuwa na huruma, lakini kazi ni kazi. Akatuambia tuisogeze pembeni, yeye anakwenda kula. Akirudi, gari likiwa limetulia atamalizia; likiwa bado linapiga kelele ataweka msalaba, na huo ndio wa mwisho.

Nikapiga magoti kwenye lami na miaka yangu yote hii. Mara ya pili nikafanya kile nilichopaswa kukifanya mara ya kwanza: nikaufuata waya wa zamani. Nikachana tepu. Ukatoka kwenye rilei, ukaingia ndani, ukapita chini ya dashibodi, lakini haukwenda kwenye usukani. Ukashuka chini ya zulia, ukaenda chini ya kiti. Papa Deo akaniwashia taa ya simu yake bila kuombwa. Na pale, nyuma ya chuma cha kiti ambacho mkaguzi alikitikisa, kulikuwa na swichi ndogo ya vituo vitatu, juu, katikati na chini. Imeungwa nyaya tatu. Juu ya kila kiungo, mafundo mawili ya uzi mwekundu.

Nikabaki nimelala pale, shavu kwenye zulia. Yote yakanirudia. Ilikuwa miaka ile ambayo betri za bakkie ziliibwa mtaani kila kukicha. Sisi mafundi tulikuwa tunawawekea wateja siri, na kila fundi na siri yake. Yangu ilikuwa hii: swichi ikiwa juu, honi inamsikiliza dereva. Ikiwa chini, inasikiliza kitufe cha boneti, mwizi akifungua tu, mtaa mzima unaamka. Katikati haimsikilizi mtu; ndipo ilipokuwa jana, mpaka mkono wa mkaguzi ukaisukuma chini. Na desturi ilikuwa siri haiandikwi. Anaijua mwenye gari, anaijua fundi, basi, hata mke haambiwi. Mimi nilikuwa najisifu kwamba nikishalipokeza gari, naisahau, ili hata nikibanwa nisiweze kuitoa. Kumbe nilisahau kwelikweli. Niliificha vizuri mpaka nikajificha mimi mwenyewe.

"Umeona nini, mzee?" Mama Sakina akauliza. "Nani alifanya hivyo?"

Wanangu, hapa pana kitu hamtafundishwa chuoni. Papa Deo hakuijua maana ya uzi ule. Mama hakuijua. Ningeweza kusema ni fundi fulani wa zamani, Mungu amrehemu, na kesi ikaisha. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nyani haoni kundule, lakini mimi la kwangu lilikuwa limemulikwa na taa ya simu ya mtu niliyemtukana.

"Mimi," nikasema. "Huu uzi ni wangu. Hii kazi ni yangu. Papa Deo hakukata kitu."

Papa Deo akacheka, kicheko kisicho na ubaya. "Vieux, sasa ulikuwa unanitukanaka bure?"

"Bure kabisa."

"Ulinitukana mbele ya watu wa cherehani. Utanyoosha maneno mbele yao vilevile."

Nikakubali. Nikauondoa ule waya mpya wa haraka, nikaurudisha wa zamani mahali pake, nikainua swichi juu. Mkaguzi alirudi akijipangusa midomo, akainua boneti kwa mkono mmoja huku uso ameugeuza pembeni. Kimya. Akabonyeza kitufe cha usukani, ikalia. Akaangalia namba, akapiga muhuri. Mama Sakina aliishika ile karatasi kwa mikono miwili, akaisoma, akaisoma tena.

Tulirudi Yeoville, na kabla sijanywa hata maji niliomba radhi mbele ya wasusi na mafundi cherehani, kwa sauti ileile niliyomtukania mtu. Waliniongezea mzaha wao, nikaumeza. Tangu siku ile Papa Deo akipata kazi ya umeme ananiita, mimi naelekeza, yeye anashika bisibisi. Kila kiungo cha siri tunakiandika kwenye daftari la mwenye gari, na mke wake anaonyeshwa. Nanyi fanyeni hivyo.

Lakini sijamaliza. Siku ile tulipofika nyumbani, Mama Sakina alizima gari, akasema, "Nionyeshe hiyo siri." Nikamwonyesha: juu, katikati, chini. Akainama mwenyewe, akaingiza mkono chini ya kiti, akapapasa. Akabaki ameinama hivyohivyo muda mrefu. Nikadhani analia. Alipoinuka machozi yalikuwepo kweli, ila alikuwa anacheka.

"Mzee Rajabu, kila jioni alikuwa anainama hivi. Kila jioni! Akizima gari, anainama, anainuka pole pole. Miye nikajua ni mgongo. Nilimkanda mafuta miaka yote, na yeye hata siku moja hakusema haumwi. Analala tu kifudifudi, anasema hapo hapo, mke wangu, hapo hapo."

Tukacheka mpaka Papa Deo akaja kutazama kuna nini. Kisha mama akatulia.

"Siku ya mwisho aliyoendesha," akasema, "aliinama akachelewa kuinuka. Nilikuja kumtoa mimi. Alikuwa amechoka sana."

Swichi nilikuwa nimeipima vizuri: ilikuwa nzima, haikuwa imelegea. Mara zote hizo mkono wake uliisukuma kutoka juu mpaka chini. Siku ile uliishia katikati. Nililia mbele yao, sioni haya kuwaambia.

Pikapu sasa ina jina la Mama Sakina, na alfajiri huwa ya kwanza kuondoka mtaani kwetu kwenda kuchukua mboga. Jioni akiegesha, naye huinama chini ya kiti, akashuka, akajishika kiuno. Juzi nikiwa barazani nikamtania, nikamwuliza kama na yeye mgongo umemwanza.

"Sana, mzee," akasema. "Ila wa kunikanda ndiye hayupo."